Motokaa Kuukuu na Bei ya Mpya

(Haya ndiyo maneno ya hotuba iliyotolewa mbele ya wanachama wa chama kimoja cha akiba na mikopo. Yanachapishwa hapa kwa faida ya wale ambao hawakupata nafasi ya kuhudhuria.)



Nimetakiwa niseme nanyi juu ya motokaa, nami nimekubali kwa furaha, ingawa mimi si fundi wala si mfanyabiashara wa magari. Kazi yangu ni kutafsiri maandishi ya Serikali, na katika miaka hii michache maandishi mengi yaliyopita mezani pangu yamehusu kodi, ushuru na kanuni za vyombo vya barabarani. Mtu akitafsiri jambo lile lile mara nyingi hana budi kulielewa, hata kama hakulitaka.

Swali lenu, kama nilivyoandikiwa na karani wa chama, ni hili: wanachama wengi wanaomba mikopo ili waziuze motokaa walizo nazo na kununua nyingine, na kamati yataka kujua kama jambo hilo ni la busara. Jibu langu nalisema mapema, ili mwenye haraka asichelewe. Kwa wengi wenu si la busara wakati huu; heri mtu aitunze ile aliyo nayo. Lakini ziko motokaa ambazo hazistahili kutunzwa hata siku moja zaidi, nazo nitazitaja pia, maana si vema kuwasifia watu kitu kikuukuu bila kuwaambia hatari yake.

Tuanze na bei. Motokaa nyingi ziingiazo Kenya ambazo sisi twaziita mpya si mpya kwa maana halisi ya neno. Zimekwisha kutumika Japani, zikanunuliwa huko mnadani, zikapakiwa melini na kushushwa Mombasa. Zatoka huko kwa sababu Wajapani huendesha upande wa kushoto wa barabara kama sisi, lakini hiyo si sababu pekee. Katika nchi ile motokaa ya mtu binafsi ikitimiza miaka mitatu tangu iwe mpya hukaguliwa, na baada ya hapo hukaguliwa kila miaka miwili. Na ukaguzi huo, pamoja na kodi na bima zinazolipwa wakati ule ule, hugharimu fedha nyingi. Basi mwenyewe huona heri aiuze. Kwa miaka zaidi ya thelathini sisi tumeendesha magari ambayo Wajapani wamechoka kuyalipia.

Mwaka wa 2021 mambo yaligeuka. Ugonjwa wa Korona ulikuwa umesimamisha viwanda, na vile vipande vidogo vya kompyuta ambavyo bila hivyo motokaa ya siku hizi haiwezi kwenda vikawa adimu duniani kote. Viwanda vikashindwa kutoa motokaa mpya za kutosha. Mjapani aliyetaka kubadili yake akangoja. Zilizofika mnadani zikapungua, na bei ikapanda. Mara tu baada ya hapo shilingi yetu ikadhoofika. Mwanzoni mwa mwaka wa 2021 dola moja ya Marekani ilinunuliwa kwa karibu shilingi 110. Mwezi wa Januari 2024 ilikuwa imepita shilingi 160. Katika mwaka huo huo wa 2024 shilingi ilijirudi mpaka karibu 130, lakini mnajua desturi ya bei: ikisha kupanda ngazi haishuki kwa mwendo ule ule.

Juu ya hayo kuna ushuru. Mwezi wa Julai 2023 ushuru wa forodha wa motokaa zinazoingizwa Kenya uliongezwa kutoka 25 kwa mia hadi 35 kwa mia. Watu wengi walisikia hesabu hiyo wakadhani bei imeongezeka kwa 10 kwa mia, basi. Sivyo. Kodi hizi hupandana moja juu ya mgongo wa nyingine, na hapa naomba mnifuate polepole.

Chukueni motokaa ambayo wakadiriaji wa ushuru wameihesabu kuwa na thamani ya shilingi 1,000,000 ifikapo Mombasa, na injini yake imezidi kidogo sisi 1,500. Kwanza hutozwa forodha 35 kwa mia. Sasa ni 1,350,000. Kisha hutozwa ushuru wa bidhaa 25 kwa mia, tena si kwa ile 1,000,000 bali kwa hii 1,350,000. Sasa ni 1,687,500. Halafu yaja kodi ya ongezeko la thamani, 16 kwa mia, nayo huhesabiwa juu ya jumla hiyo yote. Tumefika 1,957,500, na bado hatujalipa ada ya tangazo la bidhaa wala ile ya maendeleo ya reli, wala hatujamlipa wakala wa bandarini, wala muuzaji hajajiwekea faida yake. Kwa maneno mengine, mnunuzi hununua motokaa mbili na kupewa moja.

Tena kuna kanuni ya miaka minane. Kenya hairuhusu kuingizwa motokaa iliyopita miaka minane tangu iandikishwe mara ya kwanza. Katika mwaka wa 2025, kwa mfano, ilibidi iwe imeandikishwa kuanzia Januari 2018. Jirani zetu wa Uganda walitunga sheria yao mwaka wa 2018, nao wameweka kikomo cha miaka kumi na mitano. Sisemi kwamba kanuni yetu ni mbaya. Kusudi lake ni kuzuia nchi yetu isifanywe jaa la vyuma vya wengine, na kusudi hilo naliona jema. Lakini matokeo yake kwa mfuko wa mtu wa kawaida ni kwamba ile motokaa ya bei nafuu kabisa, ya miaka kumi au kumi na miwili, haiwezi kutoka nje. Ikiwa yapatikana, yapatikana humu humu nchini, mikononi mwa mtu kama wewe. Basi unapoiuza yako kwa bei ya kutupa, waitupa mali ambayo mlango wa bandari umekwisha kufungwa nyuma yake.

Mtu asidhani kwamba kuendesha gari la zamani ni dalili ya umaskini wa Mwafrika. Marekani ndiko watu walikozoea kubadili motokaa kama wabadilivyo viatu; na huko, kwa hesabu ya kampuni ya S&P Global Mobility, umri wa wastani wa magari yaliyo barabarani ulifika miaka 12.6 mwaka wa 2024, na miaka 12.8 mwaka wa 2025. Nao pia wameona bei ya mpya wakarudi nyumbani kutengeneza. Huko Kuba, motokaa za Kimarekani zilizoingia kabla ya vikwazo vya mwaka wa 1962 ziliendelea kuchukua abiria mjini Havana miaka sitini baadaye, nyingine zikiwa na injini za dizeli zilizotolewa katika magari ya Kirusi. Watu wa Kuba hawakufanya hivyo kwa mapenzi tu, walilazimika. Lakini walionyesha jinsi chuma kinavyoweza kuishi kikipata fundi mvumilivu.

Hata sisi tuna ushahidi wetu. Wazee walio hapa wanazikumbuka Peugeot 404. Motokaa hizo zilishinda mashindano ya Safari miaka ya 1963, 1966, 1967 na 1968, na katika mwaka wa 1963 na ule wa 1968 yalifika mwisho magari saba tu kati ya zaidi ya themanini yaliyoondoka. Baadaye ikaja Peugeot 504, ikashinda mwaka wa 1975 na tena mwaka wa 1978. Motokaa za jamii hiyo zilibeba watu kutoka Nairobi kwenda Nakuru na Kisumu, zikabeba maziwa, mbuzi na maiti, mpaka rangi ikaisha ikabaki chuma kitupu. Zilidumu kwa sababu zilitengenezwa kwa nguvu, ndiyo. Lakini pia kwa sababu wenye nazo walijua kwamba hakuna nyingine inayokuja.

Sasa nije kwenye utunzaji wenyewe. Nimewauliza mafundi kadhaa, wa mjini na wa vijijini, na nilichojifunza ni kwamba motokaa nyingi haziui uzee. Huuawa na vitu vidogo vilivyoahirishwa.

Mafuta ya injini ndiyo ya kwanza. Injini ni vyuma vinavyosuguana mara maelfu kwa dakika, na kinachovitenganisha ni utando mwembamba wa mafuta. Moto huyachosha mafuta hayo, na masizi huyachafua, hata yakawa kama uji mweusi usioweza kupita katika vijia vyembamba. Kwa gari kuukuu katika nchi yenye vumbi kama yetu, mafundi wengi hushauri yabadilishwe kila kilomita 5,000, pamoja na chujio lake. Yupo mtu anayemwaga mafuta machafu na kuliacha chujio lile lile, akidhani ameokoa shilingi mia kadhaa. Huyo ni sawa na mtu aogaye kisha akavaa shati la jana.

Ya pili ni maji ya rejeta. Viwanda huagiza dawa maalum ya kupoza injini, yenye kuzuia kutu. Sisi twatia maji ya bomba au ya mto. Kwa wiki moja si neno. Kwa mwaka mzima kutu na chokaa huziba rejeta, na siku moja mlimani mshale wa joto hupanda, mwenye gari hujiambia atafika tu, na kichwa cha injini hupinda. Tena iko desturi moja ya mafundi wetu ambayo siipendi hata kidogo. Gari likichemka, wao huing'oa thamostati na kuitupa, kisha humwambia mteja kwamba nchi zetu ni za joto na kifaa hicho ni cha Wazungu. Thamostati ni mlango mdogo unaofungwa injini ikiwa baridi, ili ipate joto upesi, na kufunguka joto likitosha. Injini isiyo nayo aghalabu huenda ikiwa baridi mno, hula petroli zaidi na kuchakaa upesi. Fundi aliyeiondoa hakuponya ugonjwa, ameuficha tu. Ikiwa imekufa, inunuliwe nyingine. Ni kitu cha bei ndogo.

Katika injini nyingi kuna mkanda wa mpira ambao mafundi huuita taimingi. Kazi yake ni kuhakikisha kwamba sehemu za juu na za chini za injini zaenda kwa wakati mmoja. Mkanda huu hauonyeshi dalili kabla ya kukatika, haulii, hautoi moshi. Katika injini za aina fulani ukikatika, vyuma vya juu na vya chini hugongana, na gharama yake huweza kupita thamani ya gari zima. Kitabu cha gari hueleza ubadilishwe baada ya kilomita ngapi. Kwa magari mengi ni karibu 100,000. Ulinunua gari mkononi mwa mtu na hujui lini ulibadilishwa? Basi hesabu kwamba haukubadilishwa kamwe.

Juu ya breki nitakaa kidogo, maana mpaka hapa nimesema juu ya mali, na sasa nasema juu ya roho za watu. Mafuta ya breki yana tabia ya kunyonya unyevu wa hewa. Baada ya miaka miwili hivi huwa yamechanganyika na maji, na maji hayo, breki zikipata moto katika mteremko mrefu, huchemka na kuwa mvuke. Mvuke hubonyea. Dereva hukanyaga, na mguu wake huzama mpaka chini kana kwamba amekanyaga sponji. Fikirini ule mteremko wa Mai Mahiu, au wa Salgaa, na gari limejaa watu wa arusi. Kubadilisha mafuta hayo ni kazi ya saa moja, lakini katika magari kumi ya miaka kumi na mitano, nadhani si zaidi ya mawili ambayo wenyewe wamewahi kuyabadilisha.

Tairi nazo watu huzitazama meno tu. Tairi huzeeka hata ikiwa imesimama. Ubavuni mwake kuna tarakimu nne zilizochongwa. Mbili za kwanza ni wiki na mbili za mwisho ni mwaka. Ukiona 2319, tairi hiyo ilitengenezwa katika wiki ya 23 ya mwaka wa 2019. Nimeona watu wakinunua kwa furaha tairi zilizotumika, meno bado marefu, na tarakimu zake zikisema kwamba zina umri wa mtoto aliye darasa la sita. Mpira wa namna hiyo hupasuka kwa joto la barabara ya Mombasa bila kumwuliza mtu.

Moshi nao una lugha yake. Moshi mweusi wasema injini inapewa mafuta mengi kuliko inavyoweza kuchoma, au pengine hewa haipiti kwa sababu chujio limejaa vumbi. Wa buluu wasema mafuta ya injini yanaingia mahali yasipotakiwa na kuungua. Mweupe usiokoma, hata injini ikisha kupata moto, wasema maji yanaingia ndani. Mwenye gari akijua haya matatu hataweza kudanganywa kwa urahisi. Na kwa kuwa tumetaja moshi, niseme pia kwamba wako mafundi wanaokikata kile chombo cha kusafisha moshi kilicho katika bomba na kukiuza, maana ndani yake mna madini ya thamani. Mwenye gari huambiwa kwamba litakuwa jepesi. Tuliondoa risasi katika petroli yetu mwanzoni mwa mwaka wa 2006 ili watoto wetu wasivute sumu. Ni aibu kuirudisha sumu ya namna nyingine kwa sababu ya tamaa ya mtu mmoja mwenye msumeno.

Sasa vipuri. Kila mtu ajua Kirinyaga Road ya Nairobi, ambayo wazee bado waiita Grogan, na kila mtu ana hadithi yake ya huko. Kuna vipuri halisi, kuna vya kampuni nyingine vilivyo vizuri, kuna vilivyotolewa katika magari yaliyovunjwa, na kuna vya bandia vilivyotiwa katika sanduku zuri kuliko la halisi. Maoni yangu ni kwamba mtu asiogope kununua kipuri kilichotumika ikiwa ni mlango, kioo, taa, hata giaboksi. Akisha kukijaribu, na muuzaji akawa na mahali pa kudumu, hapana ubaya. Lakini vitambaa vya breki, vyuma vya usukani na ile mikanda, hivi vinunuliwe vipya na kwa risiti, hata kama itabidi gari lisimame mpaka mwisho wa mwezi. Na fundi akikuambia amebadilisha kitu, mwambie akupe kile cha zamani ukishike mkononi. Fundi mwaminifu hatachukia. Wengi wa mafundi wetu wa jua kali ni waaminifu na wana akili ya ajabu. Wanaowaharibia jina ni wale wanaokisia. Gari la siku hizi lina kompyuta, na kompyuta ina mashine ya kuisoma. Anayebadilisha kipuri kimoja baada ya kingine akingoja siku ugonjwa utakapokoma, anajifunza ufundi kwa fedha zako.

Watu wa shamba watauliza, je, sisi tusio na Grogan? Nawajibu kwamba mna faida moja ambayo mtu wa mjini hana. Pikapu ya zamani ipelekayo maziwa kwenye kituo, yenye kabureta na injini iliyo wazi, hutengenezeka sokoni kwa spana chache. Ile mpya ikikwama matopeni kwa sababu ya waya mmoja wa kompyuta, maziwa yataharibika hapo hapo. Msiharakishe kuiuza pikapu hiyo kwa sababu tu mtoto wa jirani amekuja Krismasi na gari linalong'aa. Najua watu wa kwetu humpima mtu kwa motokaa yake, na mwenye kuukuu hupewa kiti cha nyuma hata katika mkutano wa harambee. Ni ada mbaya. Wengi wa wanaokuja na magari yanayong'aa wameyaacha makaratasi yake benki.

Nimeahidi hesabu, nayo ni hii. Huu ni mfano niliofanya mwenyewe, kila mmoja aweza kubadilisha tarakimu zake. Mtu ana motokaa ya mwaka wa 2008. Akiiuza atapata 450,000. Anayoitaka yauzwa 1,800,000. Basi akopa 1,350,000 kwa riba ya 16 kwa mia kwa mwaka, alipe kwa miaka minne. Kila mwezi atalipa zaidi kidogo ya shilingi 38,000, na mwisho atakuwa amelipa karibu 1,836,000. Tena mkopeshaji atamlazimisha akate bima kubwa, ambayo huhesabiwa kwa thamani ya gari, ilhali ile ya zamani ilitosheka na bima ndogo.

Sasa aitunze ile ya 2008. Tuseme ana mkosi, na kila mwezi, mwaka mzima, yadai matengenezo ya shilingi 15,000. Hayo ni 180,000 kwa mwaka. Malipo ya mkopo ni zaidi ya 459,000 kwa mwaka. Shida ni kwamba matengenezo hayaji kwa mafungu madogo. Huja siku moja, giaboksi, shilingi 120,000, tena mwezi wa Januari pamoja na karo za shule. Siku hiyo mtu huapa kwamba ataiuza. Hesabu ya gari haifanywi siku lilipoharibika. Hufanywa mwisho wa mwaka, kwa daftari. Mtu aweke daftari dogo ndani ya gari, aandike tarehe, kilomita, kazi iliyofanywa na fedha zilizotoka. Daftari hilo litampa faida ya pili siku atakapouza, maana mnunuzi ataliamini kuliko maneno yake.

Nilisema ziko zisizofaa kutunzwa. Motokaa ambayo kutu imeingia katika mifupa yake ya chini, na hasa zile zilizokaa pwani kwa miaka mingi katika hewa ya chumvi, haitengenezeki kwa kuchomelea vipande vya bati. Rangi mpya juu yake ni sanda. Motokaa iliyopinduka ikanyooshwa kwa nyundo, hata isiende tena moja kwa moja, ni hivyo hivyo. Ile inayokunywa lita ya mafuta ya injini kila kilomita mia tano yaweza kupewa injini nyingine, lakini kwanza ihesabiwe kama mwili wake wastahili. Na ile ambayo vitambaa vyake vya breki havipatikani tena, wala fundi hawezi kutia vya gari jingine bila kukisia, iegeshwe leo.

Kwa anayebeba abiria au watoto wa shule hukumu yangu ni kali zaidi. Mwenye gari lake binafsi, akichelewesha breki, ahatarisha roho yake kwanza, ingawa naye hayuko peke yake barabarani. Lakini mwenye matatu kuukuu amepokea nauli. Magari ya abiria na ya biashara hukaguliwa kila mwaka kwa sheria, nasi sote twajua kwamba wako wanaoazima tairi nzuri siku ya ukaguzi na kuzirudisha jioni. Kama kuna mwanachama wa chama hiki afanyaye hivyo, kamati isimpe mkopo wa aina yoyote mpaka amenunua tairi zake mwenyewe.

Hapo ndipo nafika kwenye pendekezo langu kwa kamati, nalo si kubwa. Chama kina mkopo wa kununua motokaa, lakini hakina mkopo wa kuitengeneza. Mwanachama mwenye giaboksi mbovu ya shilingi 120,000 huomba 1,350,000 kwa sababu hilo ndilo fungu lililoandikwa katika fomu. Iandikwe nafasi ya pili katika fomu hiyo: mkopo wa matengenezo, usiozidi shilingi 200,000, wa kulipwa kwa miezi kumi na minane. Mwombaji alete barua ya fundi aliyeipandisha gari juu na kuitazama kwa chini, ikieleza hali ya chesisi, breki, usukani na tairi, pamoja na zile tarakimu nne za kila tairi. Fedha zilipwe kwa duka la vipuri na kwa fundi, si mkononi mwa mwombaji. Barua ikisema kwamba chesisi imeoza, mkopo huo ukataliwe, na hapo ndipo mwanachama apewe nafasi ya kuomba ule mkubwa. Karani ameniambia kwamba fomu mpya zitapelekwa kwa mpiga chapa mwisho wa mwezi huu, na nafasi ya kuongeza mstari huo bado ipo.